Waya wa Simu Uliomo Ukutani

Katika nyumba nyingi za mijini zilizojengwa kabla ya simu za mkononi kuenea, kipo kisanduku kidogo cheupe, kimepigiliwa ukutani karibu na sakafu, ambacho hakuna tena anayekijali. Kimekwisha kupakwa rangi mara mbili tatu pamoja na ukuta. Tundu zake zimejaa vumbi. Na simu ya mezani iliyochomekwa hapo iliondolewa zamani. Nyuma ya kisanduku hicho umelala waya wa shaba ulioigharimu nyumba fedha na jasho la mafundi, nao wapita kutoka mlangoni hadi sebuleni, na kutoka sebuleni hadi vyumbani. Mwenye nyumba anayetaka kompyuta zake ziwasiliane na kupata intaneti kwa kawaida hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama hununua mtambo wa redio ujulikanao kwa jina la Wi-Fi, kisha akanunua mwingine pale wa kwanza unaposhindwa kufika chumba cha nyuma. Ama humwita fundi atoboe kuta na kupitisha waya mpya. Ni wachache mno wanaouliza kwanza swali lililo jepesi kuliko yote: je, waya uliopo waweza kufanya nini?

Swali hilo si la ubahili, wala si la mtu anayependa vitu vya kale. Ni swali la kisayansi, na jibu lake hupatikana kwa kupima, si kwa kufuata mtindo. Wahenga walionya kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Katika mambo ya ufundi onyo hilo lina maana mahsusi: kitu kilichopo kisitupwe mpaka uwezo wake ujulikane.

Wasafiri watatu katika njia moja

Wengi hudhani kwamba waya wa simu uliumbwa kwa ajili ya sauti tu, na kwamba hauwezi kubeba jambo jingine. Dhana hiyo inachanganya waya na kazi uliyopewa. Sauti ya mtu katika simu ya kawaida hutumia masafa ya hezi 300 hadi 3,400 hivi, na hiyo ni sehemu ndogo sana ya uwezo wa jozi ya nyaya za shaba. Huduma ya intaneti iitwayo ADSL, ambayo ilipita katika waya wa simu kutoka mtaani, ilitumia masafa ya juu zaidi, kuanzia kilohezi 25 hivi hadi megahezi 1.1. Na juu ya hapo palibaki uwanja mpana usio na mkazi. Mtandao wa kompyuta za nyumbani ulipowekwa kati ya megahezi 4 na 10, haukuigusa sauti wala ADSL. Ni kama ngoma ambayo ndani yake msondo, zumari na kayamba husikika kwa pamoja, na msikilizaji akavitambua vyote, kwa kuwa kila kimoja kina kimo chake cha sauti.

Siri nyingine ya waya huo ni msokoto wake. Mnamo 1881 Alexander Graham Bell alipewa hataza nchini Marekani kwa wazo la kusokota nyaya mbili za simu moja. Nyaya mbili zikisokotwa pamoja, kelele ya umeme inayotoka nje huzipata zote mbili karibu kwa kiasi kilekile. Mtambo unaopokea hausomi waya mmoja mmoja, bali husoma tofauti iliyopo baina ya nyaya hizo mbili. Na kwa kuwa kelele ni ileile pande zote, hujifuta yenyewe. Wazo hilo, ambalo sasa lina zaidi ya miaka 140, ndilo linaloendesha hadi leo nyaya za mitandao zilizomo katika ofisi zote.

Hapa pana jambo ambalo halifundishwi ipasavyo. Etheneti, yaani utaratibu unaounganisha kompyuta katika majengo duniani kote, ilipobuniwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, ilitumia kebo nene ya koaksia, iliyokuwa nzito na ngumu kuikunja. Kilichoiwezesha kuingia katika kila ofisi ni kuhamia katika nyaya za namna ya zile za simu. Mwaka 1987 kanuni za kimataifa za uhandisi zilikubali utaratibu ulioitwa StarLAN, uliopitisha megabiti 1 kwa sekunde katika nyaya za simu za majengo. Mwaka 1990 ukafuata ule wa 10BASE-T, wa megabiti 10 kwa sekunde katika jozi mbili za nyaya zilizosokotwa, kwa umbali wa meta 100. Kwa hiyo, anayeudharau waya wa simu mbele ya waya wa kompyuta anamdharau mzazi mbele ya mwanawe.

Hukumu iliyotolewa Marekani

Jaribio kubwa la kuutumia waya wa simu wa nyumbani lilifanyika Marekani. Mwaka 1998 makampuni kadhaa, miongoni mwao Intel, IBM, Compaq na Hewlett-Packard, yaliunda umoja uitwao HomePNA ili kuweka kanuni moja ya mitandao ya nyumbani juu ya nyaya za simu. Toleo la kwanza lilipitisha megabiti 1 kwa sekunde, na lile lililofuata muda mfupi baadaye likafikia megabiti 10. Mwenye nyumba alichomeka kadi katika kompyuta, akaunganisha kadi na kisanduku cha simu kilichokuwa karibu, akafanya vivyo hivyo chumba cha pili. Simu iliendelea kulia kama kawaida.

Kazi haikuwa rahisi kwa wahandisi hao. Nyaya za simu za nyumbani hazikupangwa kama nyaya za maabara. Zina matawi: waya mmoja huingia sebuleni, ukachepuka kwenda jikoni, ukachepuka tena kwenda chumbani, na baadhi ya matawi huishia mahali pasipo na chombo chochote. Ishara ikifika mwisho wa tawi kama hilo hurudi nyuma kama mwangwi katika pango, na mwangwi huo huivuruga ishara iliyo nyuma yake. Dawa iliyobuniwa ni mtambo unaojirekebisha: kila fungu la habari hutanguliwa na ishara inayojulikana, na mpokeaji akiisikia hujifunza jinsi njia ilivyo, kisha huondoa upotofu uliosababishwa na mwangwi. Njia ikiwa mbaya, mitambo hupunguza mwendo badala ya kunyamaza. Hata wapenda redio walikumbukwa: liliachwa pengo katika masafa ya megahezi 7 wanayoyatumia, ili waya wa nyumba usigeuke mnara wa kuwapigia kelele.

Hata hivyo, ufundi huo haukutamba. Mwaka 1999 Wi-Fi ilipata kanuni yake ya megabiti 11 kwa sekunde katika masafa ya gigahezi 2.4, na tangu 2003 kompyuta za mkononi zikaanza kuuzwa kwa wingi zikiwa na Wi-Fi ndani yake. Mnunuzi wa Marekani alipenda kutembea na kompyuta yake kutoka chumba hadi chumba, na waya ukaonekana kuwa pingu. HomePNA iliendelea kuishi pembeni, kwa mfano katika huduma ya televisheni ya U-verse iliyoanzishwa na AT&T mwaka 2006, na mwaka 2013 umoja wake ukaunganishwa na ule wa HomeGrid, unaosimamia kanuni mpya iitwayo G.hn.

Wengi husoma historia hiyo na kufikia uamuzi wa haraka: waya ulishindana na redio, ukashindwa, basi yamekwisha. Lakini hukumu yapasa kusomwa pamoja na mazingira ya mahakama iliyoitoa. Nyumba nyingi za Marekani zimejengwa kwa fremu za mbao na mbao nyembamba za jasi, na mawimbi ya redio hupenya humo bila taabu kubwa. Nyumba ya mjini Tanzania imejengwa kwa matofali ya saruji, na ikiwa ni ya ghorofa, baina ya sakafu na sakafu mna zege lenye nondo. Zege na matofali hunyonya nguvu ya mawimbi, na nondo huyarudisha yalikotoka; na kadiri masafa yanavyokuwa ya juu, ndivyo hasara inavyozidi, kiasi kwamba mtambo mpya wa gigahezi 5 huweza kufika karibu kuliko ule wa zamani wa gigahezi 2.4. Soko la Marekani lilitoa hukumu mbele ya kuta za mbao. Hakuna sababu ya hukumu hiyo kupokelewa bila rufaa mbele ya kuta za saruji.

Jinsi ya kuutumia waya uliopo

Kazi yenyewe haihitaji elimu ya juu, ila yahitaji utaratibu. Jambo la kwanza ni usalama. Waya ambao bado umeunganishwa na simu ya nje hubeba umeme wa volti 48 hivi wakati wote, na simu inapolia hupita umeme wa kwenda na kurudi unaozidi kiwango hicho. Tena laini inayotoka nguzoni yaweza kuleta radi ndani ya nyumba. Kwa hiyo, pale ambapo simu ya mezani haitumiki tena, nyaya za ndani zitenganishwe kabisa na laini ya nje mahali inapoingilia, na simu zote za zamani ziondolewe. Baada ya hapo mwenye nyumba ana mtandao wa shaba ulio wake peke yake.

Jambo la pili ni kupima. Fundi mwenye mita ya kupimia ukinzani aziache nyaya mbili wazi upande mmoja, kisha apime upande wa pili: mita isionyeshe njia yoyote. Halafu aziunganishe nyaya hizo upande wa kwanza, apime tena. Waya wa shaba wenye kipenyo cha nusu milimeta, uliokwenda meta 30 na kurudi, huonyesha omu 5 hivi. Mita ikionyesha makumi au mamia ya omu, basi mahali fulani kiungo kimeliwa na kutu au chumvi, jambo la kawaida katika nyumba za pwani. Mara nyingi dawa yake ni kukata kiungo hicho na kukifunga upya. Vipimo hivyo viwili, ambavyo havichukui nusu saa, humwambia mwenye nyumba mengi kuliko tangazo lolote la dukani.

Jambo la tatu ni kuutambua umbo la njia. Ikiwa kila chumba kina kebo yake yenye jozi mbili zilizosokotwa, na kebo zote zakutana mahali pamoja, bahati ni kubwa: Etheneti ya megabiti 10 yaweza kupita humo moja kwa moja, kwa kubadili soketi tu na bila kifaa cha kati. Ikiwa nyaya zimechepuka kama matawi ya mti, zinahitajika jozi za vifaa vya kugeuza ishara, kimoja karibu na ruta na kingine katika chumba cha mbali. Vifaa vya HomePNA vya zamani si vya kutegemea tena, lakini vipo vya kanuni ya G.hn, ambayo Shirika la Kimataifa la Mawasiliano liliipitisha sehemu zake za msingi miaka ya 2009 na 2010, nayo imekusudiwa kupita katika nyaya za simu, za umeme na za koaksia. Katika waya mfupi wenye hali njema, vifaa hivyo huweza kupitisha mamia ya megabiti kwa sekunde. Matawi yasiyotumika yakatwe, na mwangwi utapungua.

Mwisho, redio haifukuzwi. Katika chumba cha mbali chaweza kuwekwa kituo kidogo cha Wi-Fi kinacholishwa na waya. Waya huivusha habari ng'ambo ya kuta, na redio huimalizia safari katika meta chache zilizobaki. Vitu hivyo viwili si mahasimu. Kila kimoja hufanya kazi ambayo mwenzake haiwezi.

Mipaka ya hoja

Haifai kuusifia waya huo kupita kiasi. Zimo nyumba ambazo waya wake ulipitishwa bila msokoto, sambamba na nyaya za umeme, nao hupokea kelele nyingi. Zimo ambazo panya walikwisha kuutafuna, au maji ya bomba yaliuozesha. Tena, kwa nyumba mpya hakuna hoja ya kuweka waya wa simu: zipitishwe kebo za kompyuta zilizo bora, ndani ya mabomba mapana, kila chumba na kebo yake. Anayejenga leo akasahau mabomba anawaandalia watoto wake gharama ya kutoboa kuta.

Pia itasemwa kwamba jambo lenyewe lawahusu wachache, kwa kuwa nchini Tanzania simu ya waya haikupata kuwa mali ya kila nyumba. Ni kweli. Lakini mahali zilipokuwapo nyaya hizo ndipo penye mahitaji makubwa: nyumba za watumishi, majengo ya ghorofa ya Shirika la Nyumba la Taifa, mabweni na ofisi za vyuo, hospitali, shule kongwe. Katika majengo hayo kila chumba cha ofisi kilikuwa na simu yake, na nyaya zote zikakutana katika chumba kimoja cha swichi. Umbo hilo, ambalo nyumba ya kawaida hulikosa, ndilo linalofaa kompyuta kuliko yote. Mabomba yaliyoleta intaneti ya kasi kutoka baharini yamekwisha kufika. Kebo ya SEACOM ilitua Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa ukasambaa mikoani. Njia kuu imejengwa kwa mamilioni. Inayokosekana mara nyingi ni meta 40 za mwisho, kutoka ruta iliyo mapokezi hadi meza ya mwalimu au muuguzi.

Uzito wa meta hizo ulidhihirika Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mpaka Juni vilipoanza kufunguliwa. Nyumba ikawa darasa. Mwanafunzi ambaye chumba chake kiko nyuma ya kuta tatu za saruji alilazimika kukaa ukumbini penye televisheni na wageni ili apate masomo, au aache. Somo la video huhitaji megabiti chache tu kwa sekunde. Kiasi hicho waya wa simu ulikimudu tangu karne iliyopita, na huenda waya huo ulikuwa unapita nyuma ya kitanda cha mwanafunzi huyo.

Yapasayo kufanywa

Hapana budi mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, kila jengo la umma linapokarabatiwa, nyaya zake za simu zipimwe na kuorodheshwa kabla ya kung'olewa. Mara nyingi hung'olewa siku ya kwanza, shaba ikauzwa kama chakavu kwa bei ya kilo, na wiki ya pili hutolewa zabuni ya kuweka nyaya mpya zinazofuata njia ileile. Kipimo cha siku moja chaweza kuonyesha ni vyumba vingapi visivyohitaji gharama hiyo.

Pili, vyuo vya ufundi visiache kufundisha shaba. Fundi wa zamani wa simu alijua kusikiliza waya, kutafuta kiungo kibovu, kuzifuata jozi kwa rangi zake. Mafundi hao wanastaafu, na vijana wanaochukua nafasi zao wanajua kusanidi ruta lakini hawana habari na kilicho nyuma ya soketi. Na elimu hiyo haijapitwa na wakati. Mwaka 2019 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilipitisha kanuni iitwayo 10BASE-T1L, ya kupitisha megabiti 10 kwa sekunde katika jozi moja tu ya nyaya kwa umbali wa hadi kilometa moja, kwa ajili ya viwanda na majengo. Nchi zilizoendelea zinarudi kwenye jozi moja ya shaba kwa sababu za kiuchumi. Itakuwa ajabu ikiwa nchi yenye fedha chache zaidi itakuwa imekwisha kuusahau ufundi huo.

Tatu, ibadilishwe tabia ya kununua kwanza na kupima baadaye. Mtambo usichaguliwe kwa kuwa ni mpya, wala usikataliwe kwa kuwa ni wa zamani. Uchaguliwe kwa kuwa unaifanya kazi iliyopo, katika kuta zilizopo, kwa fedha zilizopo.

Na hata pale vipimo vitakapoonyesha kwamba waya umechoka na hauwezi tena kubeba chochote, bado usivutwe na kutupwa. Ikiwa umelala katika bomba lake bila kugandamana, fundi mwerevu hufunga kebo mpya kwenye ncha yake, akauvuta kutoka upande wa pili, na kebo mpya ikaja nyuma yake bila tundu hata moja kutobolewa ukutani. Hiyo itakuwa kazi yake ya mwisho, nayo huifanya vema ikiwa tu kuna mtu aliyekumbuka kwamba umo.